Kipaza Sauti Kilipogeuzwa

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka 22 na kazi yangu ilikuwa kubeba spika. Mzee mmoja wa Nakuru alikuwa na mitambo ya kukodisha: spika nne kubwa, jenereta ya petroli iliyokohoa kuliko babu yangu, na miksa ya chaneli nane ambayo chaneli mbili zilikuwa zimekufa. Jumamosi harusi, Jumapili krusedi, katikati ya wiki matanga. Lakini mwaka wa uchaguzi hauna harusi. Kuanzia Septemba tulikuwa wa wanasiasa kutoka asubuhi hadi jioni, na walilipa mara tatu ya bwana harusi. Mzee aliwadai pesa kabla jenereta haijawashwa, maana alishajifunza kwamba mheshimiwa akishuka jukwaani simu yake hufa.

Aliyekaa nyuma ya mitambo huuona mkutano tofauti na ule wa kwenye runinga. Msemaji kwake ni kisogo, jasho la shingo, na mkono ulioshika karatasi isiyosomwa. Nyuso anazoziona ni za watu. Na kwa kuwa kazi yake ni sauti, baada ya mikutano kumi hivi anaanza kusikia mambo ambayo wengine hawayasikii: wapi msemaji anavuta pumzi, wapi anashusha sauti makusudi ili watu wasogee, wapi ananyamaza akijua kelele zinakuja. Mzee alinifunza hivi: "Kijana wangu, usingoje apaze sauti ndipo umfuate. Mtangulie."

Nikajua kumtangulia. Nilijivunia sana.

Kulikuwa na mgombea mmoja, jina lake tuliache lilale, ambaye alikuwa fundi hasa. Wenzake walipayuka mpaka makoo yakakauka. Yeye alisimulia. Alipenda kuanza na mkulima.

"Mkulima ameamka asubuhi, ameenda kuangalia mahindi yake. Anakuta majani yana madoadoa. Sasa niambieni, nyinyi ndio wakulima, mimi nimesoma tu. Mkulima huyo hufanya nini?"

Hapo anakigeuza kipaza sauti, anakielekeza kwa umati.

"Anaondoa!"

"Mimi sijasikia."

"ANAONDOA!"

Anakirudisha mdomoni, anacheka. "Waandishi, andikeni vizuri. Mimi nimeongea habari ya mahindi. Hawa ndio wamesema." Umati unaangua kicheko. Nami nilicheka, tena kicheko cha kutoka tumboni, maana ulikuwa ufundi mtupu. Siku moja, bila kuambiwa na mtu, niliongeza mwangwi kidogo pale anapotamka lile neno, likauzunguka uwanja mzima, doa, doa, doa. Jioni msaidizi wake akaniletea noti ya shilingi 500, ya peke yangu.

Miaka imepita, na bado nikisikia hotuba kali narudia swali lilelile: nani amesema? Mgombea hakusema, kweli. Peleka maneno yake kwa hakimu, utakuta somo la kilimo. Umati ulisema, lakini umati hauna kitambulisho. Kauli ile ilizaliwa njiani, kipaza sauti kilipokuwa kikitoka mdomoni mwake kuelekea kwa watu, na aliyeshika waya ni mimi.

Neno lenyewe halina kosa. Chui ana madoadoa. Kanga ana madoadoa. Maharagwe ya rosecoco yana madoadoa na ni matamu. Lakini katika Bonde la Ufa, tangu miaka ya 1990, neno hili lilihama kutoka kwenye ngozi ya mnyama likawakalia watu: jirani wa kabila jingine, anayelima au kufanya biashara mahali ambapo wengine wanapahesabu kuwa kwao. Mwezi Septemba 1991 wanasiasa wa KANU, chama tawala, walifanya mikutano Kapsabet na Kapkatet, wakadai utawala wa majimbo na kuwatolea vitisho waliotaka vyama vingi. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo mapigano yakazuka katika shamba la Miteitei, Nandi, yakasambaa. Mimi nilikuwa mtoto wa chekechea. Nilipolisikia lile neno jukwaani miaka 16 baadaye sikuhitaji tafsiri, na hakuna hata mtu mmoja uwanjani aliyeihitaji. Hilo ndilo linalonifanya nisiwe na subira na wanaosema "nilinukuliwa vibaya". Ulieleweka barabara.

Na tazama neno linavyofanya kazi. Doa halina mama. Halina mtoto wa darasa la nne. Huwezi kujadiliana na doa wala kuliuliza limeishi hapo tangu lini. Lugha inakupa kitenzi kimoja tu cha kulihusu, nacho ni kuondoa. Mgombea hana haja ya kukitamka, kwa sababu akishachagua nomino, kitenzi kinakuja chenyewe.

Mpaka hapa mtu wa pwani ataniambia kwamba hiyo ndiyo lugha yetu, lugha ya mafumbo, na kwamba mfumba fumbo hana hatia. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Nami fumbo silichukii. Nimeishi Mombasa miaka miwili na nimeona mwanamke akimtukana mwenzake kwa leso aliyojifunga kiunoni, hajafungua mdomo. Lakini aliyetupiwa leso ile alikuwa palepale, akaisoma, na kesho yake akatoka na yake yenye jibu kali zaidi. Mtaa mzima ukafurahia. Fumbo la jukwaani halina mchezo huo wa kujibizana. Anayelengwa hayuko uwanjani. Yuko nyumbani anakaanga maandazi.

Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa mtu mzima, kwamba tarehe 28 Novemba 2007, kabla ya uchaguzi wetu wa Desemba 27, mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao Arusha ilitoa hukumu ya rufaa katika kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM, miaka 30. Jean-Bosco Barayagwiza, mwenzake, miaka 32. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, miaka 35. Majaji wa rufaa walipunguza adhabu, na walikuwa waangalifu kuliko wale wa kwanza: walisema maneno ya chuki ni jambo moja na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari ni jambo jingine. Lakini walisema pia, na hapo ndipo niliposimamisha kidole, kwamba neno lililofunikwa linaweza kuwa uchochezi wa moja kwa moja, ikiwa wasikilizaji wa wakati ule na mahali pale walijua maana yake bila shaka. Yaani hupimi mdomo peke yake. Unapima na sikio.

Katika miezi ile ya mauaji ya Rwanda, 1994, mojawapo ya maneno yaliyotumika kumaanisha kuua lilikuwa "akazi". Mswahili yeyote analisikia bila kamusi. Kazi. Watu waliambiwa waende kazini.

Arusha si mbali na Nakuru. Mtu akipanda basi alfajiri, kupitia Nairobi na Namanga, anafika kabla ya kulala. Sidhani kama kuna mtu kwenye magari yetu ya kampeni aliyekuwa na habari ya hukumu hiyo. Mimi mwezi ule nilikuwa nahangaikia petroli.

Chumba changu kilikuwa namba 9, ploti moja ya Kaptembwo, mabati, bomba moja la maji kwa vyumba kumi na viwili. Namba 7 aliishi Mama Purity, ambaye jina lake halisi si hilo. Aliuza maandazi na chai ya maziwa barabarani kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na aliniita Spika. "Spika, leo uko na nani?" "Spika, kunywa chai, utalipa mheshimiwa akilipa." Nilikuwa na deni kwake la shilingi 340 mwisho wa Desemba. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko matokeo ya kura.

Matokeo yenyewe yalitangazwa jioni ya tarehe 30, rais akaapishwa kabla giza halijakolea, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Walizima runinga. Maneno yalikuwa yameshatoka, yalikuwa kwenye simu za watu. Nakuru ilijikaza wiki tatu hivi. Mwisho wa Januari ikashindwa.

Usiku ule sitausimulia wote. Nitasema hili tu: waliokuja ploti yetu hawakukichoma chumba namba 7, kwa sababu mabati yalishikana na kungeungua vyote, na baadhi yao walikuwa wapangaji wa humohumo. Walitoa vitu nje wakavichomea uani, kwa utaratibu kabisa: godoro, kabati, karai la maandazi walilipiga mateke likabingirika. Mama Purity na watoto wawili walikuwa wametoka saa moja kabla kupitia ukuta wa choo. Na wale vijana walikuwa wakiitikiana. Mmoja anauliza, wengine wanajibu, neno moja, kwa mdundo uleule wa uwanjani. Mdundo niliujua, kwa maana nilikuwa nimeutangulia miezi mitatu.

(Msomaji mwenzangu tayari anatafuta dalili za kabila: la kwake, la kwangu, la waliokuja. Nimezitoa makusudi. Ukiona zinakuwasha kuzikosa, jiulize kwa nini.)

Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilihesabu waliokufa nchi nzima kuwa 1,133. Waliokimbia makwao walikuwa mamia ya maelfu. Wa kwetu walijazana uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho. Bunge likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, na kifungu cha 13 kikaweka adhabu ya matamshi ya chuki: faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Katiba ya 2010 nayo ikasema uhuru wa kujieleza haufiki kwenye uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Yote mazuri. Mimi si mtu wa kubeza sheria. Ila sheria inatafuta aliyesema, na nimeshaeleza jinsi kipaza sauti kinavyogeuzwa.

Januari 2022, Eldoret, seneta wa Meru wakati huo, Mithika Linturi, alisimama kwenye mkutano mkubwa wa kampeni akawahimiza watu waondoe madoadoa. Neno lilelile, eneo lilelile. Akakamatwa, akaomba radhi. Oktoba mwaka huohuo akaapishwa kuwa Waziri wa Kilimo. Ningekuwa natunga hadithi, mhariri angeniambia hapo nimezidisha. Katikati, mwezi Aprili, tume ya uwiano ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa. Madoadoa limo. Mende limo. "Wabara waende kwao" imo. Hata "hatupangwingwi" imo, msemo wa vijana wa kusema hatupangiwi mambo na mtu. Naelewa nia yao, lakini kwangu orodha ya namna hiyo ni sawa na kufunga dirisha moja la nyumba isiyo na paa. Ukikataza madoadoa, kesho mtu atasema habari ya viroboto, keshokutwa habari ya chai iliyoingia inzi, na umati utajua.

Kinachonikera zaidi ya sheria dhaifu ni wepesi wa wakubwa kupatana. Juni 2016 polisi waliwafungia kundi la wanasiasa wa pande zote mbili, serikali na upinzani, kwa maneno waliyokuwa wakirushiana. Waliolazwa kituo cha polisi cha Pangani magazeti yakawabatiza "Pangani Six". Baada ya siku chache za kulala sakafu moja walitoka marafiki, wakipigana mabega, wakituhubiria amani. Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao mwaka 2007 walikuwa kambi mbili na ambao wote walifunguliwa mashtaka The Hague, waligombea pamoja mwaka 2013 na wakashinda. Machi 9, 2018 Uhuru akampa mpinzani wake, Raila Odinga, mkono mbele ya Harambee House. Sisemi wasipatane. Mungu awazidishie. Nasema wao wana mahali pa kupatania: hoteli, ngazi za ofisi, kamera. Mama Purity na yule kijana aliyelipiga teke karai lake watapatania wapi? Hakuna aliyewaandalia hata viti viwili.

Nikifika hapa kwenye mazungumzo, wenzangu wa rika la chini hunijia juu. Wanasema: kaka, unataka tuseme kwa upole na watu wanaotuibia? Wana haki ya kuuliza, na hapa ndipo ninapoachana na wahubiri wa "tupunguze joto". Joto silo kosa. Askofu Alexander Muge wa kanisa la Anglikana, Eldoret, hakuwa mpole. Alisimama mimbarani enzi za chama kimoja akataja njaa ambayo serikali ilitaka isitajwe, akataja unyakuzi wa ardhi, akataja wakubwa. Maneno yake yaliunguza. Mwezi Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, akamwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia ataona moto na huenda asitoke hai. Muge akaenda Busia tarehe 14. Akirudi, gari lake likagongana na lori, akafa. Okondo akajiuzulu.

Walikuwa wakali wote wawili, askofu na waziri. Ukipima kwa kipimajoto huwezi kuwatenganisha. Lakini Muge alimwambia mwenye mamlaka: umefanya hili, nijibu. Aliyetajwa alikuwa na redio ya taifa, magazeti na polisi wa kumjibia. Okondo alimwambia mtu asiye na bunduki kwamba kuna jambo litampata, na hakusema nani atalifanya. Hiyo nafasi iliyoachwa wazi, ya nani, ndiyo niliyokuja kuijua nikiwa nyuma ya miksa. Sentensi ya namna hiyo ni nafasi ya kazi iliyotangazwa, na haikosi mwombaji.

Siku hizi mitambo ni yangu. Mzee alifariki, mwanawe akaniuzia kwa malipo ya polepole. Miksa sasa ina chaneli kumi na sita na zote ziko hai. Mwaka 2022 nilijiwekea sharti moja ambalo sikumwambia mteja yeyote: mtu akigeuza kipaza sauti kwa mchezo ule, nakata.

Nilikata mara moja. Mgombea wa uwakilishi wadi, kijana, mwepesi wa maneno, alianza kuuliza watu: "Wale waliokuja na karatasi ya nailoni, wakarudi nyumbani na nini?" Mkono wake ukaanza kugeuka. Nikavuta kitufe chini. Akapiga kipaza sauti kwa kidole, helo, helo, nami nikainama kwenye nyaya nikijifanya nahangaika. Umati ukazungumza wenyewe kwa wenyewe, kina mama wakafungua chupa za maji. Nilipomrudishia sauti alikuwa amesahau alipofika, akarukia barabara. Walinilipa nusu. Nilitembea wiki nzima nikijiona mtu wa maana.

Wiki iliyofuata alipanda mama mmoja, muuza mboga sokoni, naye akiwania kiti hichohicho wadi ya jirani. Alikuwa anatetemeka kwa hasira. Zahanati ya mtaa wake haikuwa na dawa, na wahusika watatu walikuwa wameketi jukwaani nyuma yake, tai shingoni. Aligeuka akawanyooshea kidole mmoja mmoja, kwa majina. "Wewe ni mwizi. Wewe ni mwizi. Na wewe, mwizi wa mchana." Watu wakasimama. Viti vya plastiki vikaanguka. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kitufe, nikashusha.

Alinitazama. Hakuwa kisogo, kwa mara ya kwanza katika kazi hii msemaji alikuwa uso. "Kijana, nani amekutuma?"

Hakuna aliyenituma. Ndilo lililonitia aibu. Nilikuwa nimeona watu wanachemka nikadhani nimeshaliona jambo lenyewe, wakati hakukuwa na fumbo pale, kila neno lilikuwa na mwenyewe na kila aliyetajwa alikuwa hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti. Nikapandisha. Akaendelea dakika ishirini. Mmoja wa wale watatu alipopewa nafasi ya kujibu alisema atafuatilia.

Tangu hapo sikati tena. Sina hakika kama huo ni unyenyekevu au ni woga wa kukosa kazi, na sitaki kudanganya. Ninachofanya ni kutomtangulia mtu. Asemaye na aseme kwa nguvu za mapafu yake. Mwangwi nimeutoa kabisa, wakiulizia nawaambia umeharibika.

Mwezi Agosti mwaka uliopita nilikuwa nangoja matatu ya Njoro, mvua imeanza kumwaga, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Spika." Nywele zilikuwa na mvi, lakini sauti ilikuwa ileile ya saa kumi na moja alfajiri. Tukashikana mikono muda mrefu. Purity ameolewa. Yule mdogo yuko Eldoret anasomea uuguzi. Yeye mwenyewe aliacha maandazi, magoti yamekataa. Nilitoa shilingi elfu moja nikamwambia ni ya lile deni la chai, akacheka akasema riba imekula mtaji, akaipokea.

Nikamwambia yale ambayo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Kwamba siku zile nilikuwa nyuma ya mitambo ya yule mgombea wa mahindi. Kwamba neno lilipokuwa likizunguka vile, mkono ulikuwa wangu.

Alifunga leso vizuri kichwani kwa ajili ya mvua. "Tulikuwa tunasikia mpaka kwa ploti," akasema. "Kila neno. Watoto wakaniuliza, mama, madoadoa ni nini? Mitambo yenu ilikuwa safi sana."

Matatu ikaja, ya kwake, si yangu.